Hodi ya Simu ya Mezani

Agosti 1974, sauti ya mtu ilitoka Marina del Rey, pwani ya California, ikafika Lexington, Massachusetts, upande wa pili wa Marekani, bila kushikiwa laini. Hilo la kutoshikiwa laini ndilo jambo lenyewe. Tangu enzi za Alexander Graham Bell, ukipiga simu unakodishiwa njia: kutoka kwako hadi kwa mwenzako, njia inakuwa yenu wawili mpaka mmoja aweke mkono wa simu chini, mseme msiseme. Safari hii sauti ilikatwakatwa vipande, kila kipande kikafungwa na kuandikiwa anwani, vyote vikaingizwa katika ARPANET vichanganyike na mafaili na barua za watu wengine, kisha vikaungwa upya huko vilikofika.

Kinara wa kazi hiyo alikuwa Danny Cohen, mzaliwa wa Haifa, mtafiti katika taasisi ya ISI ya Chuo Kikuu cha Southern California. Miaka saba kabla, 1967, akiwa Harvard, alitengeneza programu ya kuigiza urushaji wa ndege kwenye kompyuta ya kawaida. Nadhani somo la sauti alilipatia huko. Rubani akivuta usukani, picha lazima igeuke papo hapo. Picha nzuri inayokuja baada ya sekunde mbili inamkuta ameshaanguka.

ARPANET, iliyoanza 1969, ilikuwa na tabia za mtunza stoo mwadilifu. Kila kitu kihesabiwe, kipokelewe kwa risiti, kilichopotea kitumwe tena, na cha pili kisitoke kabla ya cha kwanza. Kwa faili la mishahara, hiyo ni sifa. Kwa maongezi ni balaa: silabi moja ikipotea njiani, zote zinazofuata zinazuiwa mlangoni mpaka ile iliyopotea itafutwe na kuletwa, na msikilizaji anabaki na ukimya halafu mafuriko. Cohen na wenzake wakapewa ruhusa ya kutumia aina ya pakiti ambayo mtandao hauifuatilii. Ikifika, imefika. Isipofika, shauri yake.

Tatizo la pili lilikuwa unene. Sauti ya simu ikigeuzwa namba kwa njia ya kawaida, yaani sampuli 8,000 kila sekunde na biti 8 kwa kila sampuli, inakula kilobiti 64 kwa sekunde. Laini za ARPANET zilikuwa za kilobiti 50. Mtu mmoja akisema alizidi bomba zima. Kwa hiyo walilazimika kuikondesha sauti, na Desemba 1974 wakaongea kati ya California na Lexington kwa kilobiti 3.5 tu. Mbinu waliyotumia haitumi sauti hata kidogo. Inatuma maelezo ya umbo la koo na mdomo wa msemaji kwa kitambo hicho, na kompyuta ya upande wa pili inajisemea yenyewe kwa kufuata maelezo hayo. Fedha zilitoka ARPA, idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, ambako Bob Kahn aliusimamia mradi. Jeshi lilitaka simu zisizosikilizika na adui, na sauti iliyogeuzwa namba ni rahisi kuifunga kwa siri.

Itifaki yao iliitwa Network Voice Protocol. Ilitekelezwa mara ya kwanza Desemba 1973, na Novemba 1977 ikachapishwa rasmi kama waraka namba 741 katika mfululizo wa RFC, ule ambao mafundi wa intaneti huandikia makubaliano yao hadi leo. Ukiusoma waraka huo utakuta sehemu mbili zilizotenganishwa kwa makusudi. Moja ni ya kuitana: nakuita, inalia, niko tayari, kwaheri. Ya pili ni ya kubeba sauti yenyewe.

Kwetu jambo hili halihitaji waraka. Nani anaingia nyumba ya mtu na habari yake mdomoni? Unabisha hodi, unangoja karibu, ndipo mnaongea. Nasisitiza mgawanyo huu kwa sababu historia yote ya simu za intaneti zilizojaa maofisini leo iko ndani yake. Namna ya kubeba maongezi ilikubalika mapema, na haikuleta ugomvi mkubwa. Watu waligombana miaka mingi juu ya hodi.

Kwanza maongezi. Vint Cerf na Bob Kahn walipobuni TCP, walikusudia itifaki moja ifanye yote, kubeba na kuhakikisha. Cohen alikuwa miongoni mwa waliopinga, kwa hoja ileile ya rubani. Mwaka 1978 itifaki hiyo ikapasuliwa: IP ikabaki na kazi ya kubeba pakiti, TCP ikakaa juu yake na risiti zake. Kwa wasiotaka risiti, Agosti 1980 ikatoka UDP, kazi ya David Reed iliyoandikwa na Jon Postel kwa kurasa tatu. Karibu kila simu ya intaneti iliyoko mezani sasa hivi inapitisha sauti juu ya kurasa hizo tatu. (Wakati huohuo, 1979, mtafiti wa Lexington aitwaye Jim Forgie alipendekeza itifaki nyingine kabisa ya kubeba sauti na picha sambamba na IP. Haikuenea, lakini ilikuwa imeshachukua namba ya toleo la 5. Ndiyo maana intaneti iliruka kutoka toleo la 4 kwenda la 6, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza.)

Miaka ya themanini ilipita na sauti ikiwa mambo ya maabara. Machi 1992, kwenye mkutano wa wahandisi wa intaneti huko San Diego, sauti za wazungumzaji zilirushwa kwa wasikilizaji wa mabara kadhaa kupitia mtandao wa majaribio ulioitwa Mbone. Kutokana na programu za siku zile, mojawapo ikiwa ya Van Jacobson wa maabara ya Lawrence Berkeley, ikazaliwa RTP, iliyochapishwa Januari 1996 na Henning Schulzrinne, Steve Casner, Ron Frederick na Jacobson mwenyewe.

Tuisogeze karibu pakiti moja ya RTP. Ndani yake mna milisekunde 20 za sauti, pungufu ya silabi, nazo ni baiti 160 kama sauti haikukondeshwa. Juu yake kuna kichwa cha baiti 12: namba ya mfululizo, saa ya sauti, na utambulisho wa msemaji. UDP inaongeza baiti 8, IP baiti 20. Barua ya baiti 160, bahasha ya baiti 40, na zinatoka hamsini kila sekunde. Simu inayopokea inaziweka kando kwa kitambo kidogo, tuseme milisekunde 40 au 60, izipange kwa namba na kuziachia kwa mwendo sawa, maana njiani nyingine zimechelewa na nyingine zimepitana. Iliyokosekana haiulizwi. Simu inajaza pengo kwa kurudia mlio uliotangulia, na sikio lako halina habari. Itifaki nzima ni hiyo. Ilipopitiwa upya Julai 2003, maumbile hayo yalibaki kama yalivyokuwa.

Hata namba hizo ni za zamani kuliko intaneti. Kugeuza sauti kuwa namba kulibuniwa na Mwingereza Alec Reeves akiwa Paris miaka ya thelathini, na kipimo cha kilobiti 64 kikawekwa na shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, mwaka 1972 kwa jina la G.711. Kina sura mbili, moja ya Marekani na Japani, nyingine ya Ulaya na Afrika. Fundi wa Dar es Salaam anayefungua mipangilio ya simu mpya na kuikuta imewekewa sura ya Wamarekani anajua hiyo ndiyo ya kwanza kubadilisha.

Sasa tufike mlangoni.

Mwaka 1995 kampuni ya Israeli, VocalTec, ilianza kuuza programu ya kupigiana simu kwa intaneti kutoka kompyuta hadi kompyuta, na kila mmoja akaona kwamba simu ya kimataifa inaweza kuwa karibu na bure. Mwaka uliofuata ITU, watu wa simu waliozoea mikutano ya Geneva, wakaidhinisha H.323. Waliiandika kama watu wa simu wanavyoandika: mkoba wa itifaki kadhaa, hodi yake imekopwa kutoka kwenye simu za dijitali zilizokuwapo, kila ujumbe umebanwa kwa biti asizoweza kuzisoma mtu kwa macho, na kuna bawabu wa kuuliza ruhusa. Ilifanya kazi. Mikutano ya video ya mabenki na balozi ilikaa juu yake miaka mingi, na wanaoicheka leo wasisahau hilo.

Februari mwaka huohuo wa 1996, pembeni kabisa, yaliwasilishwa mapendekezo mawili madogo kwa wahandisi wa intaneti. Moja la Mark Handley na Eve Schooler, la kutumia UDP. La pili la Schulzrinne, la kutumia TCP, maandishi yake yakifanana na ya tovuti na anwani zake zikifanana na za baruapepe. Simu ya mezani haikuwa lengo lao. Walitaka njia ya kumwalika mtu kwenye mikutano ya Mbone. Mapendekezo yakaunganishwa, yakaitwa SIP, yakatoka kama waraka namba 2543 mwezi Machi 1999. Miaka mitatu baadaye, Juni 2002, waraka ukaandikwa upya ukafika kurasa 269. Hodi iliyoanza kama mwaliko wa mkutano imeota matawi.

Lakini ilisomeka, na nadhani hapo ndipo iliposhinda. Ukiinasa njiani unaiona ni maandishi matupu. Mstari wa kwanza una neno INVITE na anwani ya unayemwita, mfano namba 214 kwenye seva ya ofisi. Chini yake ni nani anaita, anamwita nani, barua imepita wapi, na namba ya kumbukumbu ya wito huo. Majibu yanakuja kwa tarakimu tatu. 100: nimesikia, subiri. 180: simu inalia. 200: karibu. Mwitaji naye anajibu ACK, yaani starehe, na hapo ndipo RTP inaanza kumwaga sauti. Ukimkuta anaongea utarudishiwa 486. Akikukatalia, 603. Na ukipiga namba ya ndani isiyokuwepo utapata 404, ileile ya ukurasa uliopotea kwenye tovuti, kwa kuwa Schulzrinne na wenzake walirithi orodha kutoka huko. Kijana aliyezoea kutengeneza tovuti aliweza kukaa mbele ya SIP asubuhi na jioni akawa amepiga simu. Kwa H.323 angehitaji kozi.

Novemba 2000 kundi la viwango vya simu za mkononi, 3GPP, likaichagua SIP kuwa lugha ya kuitana katika mitandao yake ijayo. Watu wa Geneva walikuwa wamezidiwa.

Ofisini, hata hivyo, aliyetangulia kufika hakuwa yeyote kati yao. Mwaka 1998 Cisco ilinunua kampuni ndogo ya Dallas iitwayo Selsius, iliyokuwa ikitengeneza simu za mezani za kuchomekwa kwenye kebo ya kompyuta. Hodi yake ilikuwa ya namna ya tatu, jina la utani Skinny, mwembamba. Simu ya Skinny ni kama tarishi asiyethubutu lolote bila kumuuliza bosi. Ukiinua mkono wa simu, inapeleka taarifa: ameinua. Seva inajibu: mwekee mlio. Ukibonyeza 2, inapeleka taarifa: amebonyeza 2. Seva: zima mlio. Kila taa inayowaka, kila herufi kwenye kioo, imeagizwa. Wasomi wa SIP waliidharau, kwao simu yenyewe lazima iwe na akili. Wahasibu waliipenda, maana mia tano za namna hiyo zilitii seva moja, na ukitaka kuongeza huduma mpya unaigusa seva peke yake.

Hata ule mlio unaousikia ukiinua mkono wa simu ni mchezo wa kuigiza. Zamani ulitoka kwenye mtambo wa simu kukuambia laini iko hai. Katika simu ya intaneti hakuna laini ya kuwa hai. Simu inajitengenezea mlio kwa sababu watu walikataa kubonyeza namba kwenye ukimya. Vivyo hivyo unaponyamaza. Ili kuokoa njia, simu nyingi zinaweza kuacha kutuma pakiti msemaji akinyamaza. Lakini ukimya wa kweli ulikuwa mkali mno, watu wakawa wanasema haloo, haloo, upo? na kukata. Ikabidi mwaka 2002 uandikwe waraka wa namna ya kupitisha maelezo ya mvumo wa bandia, ule mchakacho mdogo wa simu za zamani, ili mtu aamini mwenzake bado yupo.

Mafundi wa bei nafuu nao walikuwa na lao. Mwaka 1999 Mark Spencer, mwanafunzi wa Auburn, Alabama, alifungua kampuni ndogo ya kuwasaidia watumiaji wa Linux, akahitaji PABX, mtambo wa simu wa ofisi, wa kupokelea simu za wateja. Bei zilimtisha. Akaandika yake mwenyewe kwenye kompyuta ya kawaida, akaiita Asterisk kwa alama ya nyota iliyoko kwenye vitufe vya simu, akaitoa bure. Sijui kitu kilichoipeleka simu ya intaneti kwenye ofisi ndogo kushinda programu hiyo. Spencer aliongeza na hodi yake, IAX, na kosa aliloliona kwa wenzake linahitaji kuelezwa polepole.

Ofisi nyingi zina sanduku moja la posta. Barua zote zinakuja S.L.P. hiyo, karani anazigawa vyumbani. Ruta ya ofisi inafanya hivyo tangu miaka ya tisini, anwani za intaneti zilipoanza kuadimika: kompyuta hamsini ndani, anwani moja nje. Karani anasoma bahasha, hafungui barua. SIP sasa inaandika, ndani ya barua, chumba ambacho sauti ipelekwe: 192.168 na kuendelea. Ni kama kumwandikia mtu wa Arusha, nijibu chumba namba 12, bila kutaja jengo wala mji. Hodi inafika, karibu inarudi, simu zinapokelewa pande zote mbili, na mmoja anasema haloo mpaka achoke. Kila fundi wa simu hizi ameshaitwa kwa ajili ya sauti ya upande mmoja. Machi 2003 ikatoka STUN, njia ya simu kuuliza seva iliyoko nje: mimi nikiwa huko unaniona kwa anwani ipi? Baadhi ya watengeneza ruta wakajitia kusaidia, wakamfundisha karani kufungua barua na kusahihisha anwani. Karani akawa anasahihisha vibaya, na ushauri wa kwanza wa fundi mwenye uzoefu ukawa kuuzima msaada huo. IAX ya Spencer ilikwepa haya yote kwa kupitisha hodi na maongezi katika poti moja, namba 4569. Ilikuwa akili safi, na nje ya ukoo wa Asterisk haikuenea sana. Dunia ilikuwa imeshazoea poti 5060 ya SIP na maumivu yake.

Kwenye pwani ya Afrika Mashariki itifaki zilikuwa tayari, njia hazikuwa. Kwanza sheria: simu za kimataifa zilikuwa haki ya Telkom peke yake nchini Kenya hadi 2004, na ya TTCL Tanzania Bara hadi 2005, hivyo aliyeuza simu za intaneti mapema aliuza kwa kificho. Halafu anga. Kabla ya nyaya za baharini, intaneti ya nje ilipanda satelaiti iliyoko karibu kilomita 36,000 juu na kushuka tena, robo sekunde kwa kwenda tu, wakati ITU inashauri ucheleweshaji usizidi milisekunde 150. Nimewahi kufanya kazi katika ofisi moja yenye simu nzuri za mezani na VSAT, dishi la satelaiti, juu ya paa. Ukisema haloo hujibiwi, unarudia, na haloo yako ya pili inagongana na haloo ya mwenzako. Tuliishia kusema ova mwisho wa kila sentensi kama askari wenye redio ya upepo. Mkongo wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, ukishuka Mombasa na Dar es Salaam, hatukubadilisha itifaki hata moja. Ova zilijifia zenyewe.

Kufikia hapo simu ya mezani ilikuwa imepata utaratibu ambao haujabadilika sana. Unachomeka kebo moja. Kwa kiwango cha mwaka 2003, umeme unakuja kwenye kebo hiyohiyo, hadi wati 15.4 kutoka kwenye swichi. Simu inaamka, inaomba anwani, inaambiwa pia seva ya mipangilio iko wapi, inavuta faili lake kwa TFTP, itifaki ya miaka ya themanini mwanzoni isiyo na nywila wala aibu. Kisha inajisajili: mimi ni 214, mnaweza kunipata hapa. Usajili una muda. Muda usipotajwa popote, seva huweka wake, tuseme sekunde 3,600, na kabla haujaisha simu inajisajili tena.

Tangu 2011 vivinjari vya intaneti vimekuwa vikijifunza kupiga simu vyenyewe kwa WebRTC, iliyofungua mlango kwa hodi ya aina yoyote mtengenezaji atakayo na kubeba sauti kwa RTP, iliyofungwa siri. Januari 2021 ikawa kiwango rasmi. Lakini mwaka mmoja kabla, korona ilipofunga maofisi, watu walibeba kompyuta zao wakaacha simu mezani zimewaka. Seva hazikuzimwa. Katika ghorofa tupu, kila saa moja, 214 ilituma ujumbe wake kwamba ipo, na seva ikaijibu 200.